Daktari Aliuliza Kama Niko na Chuma

Nakuru, Jumanne, Aprili 2008

Nilienda kupimwa presha tu. Daktari, kijana wa juzi, akafunga mlango akauliza, "Mzee, kwa nyumba uko na chuma?"

Nikadhani ni ile ya damu. "Iko kidogo. Mama watoto huniongezea kila wiki."

Kalamu ikamponyoka. "Anaitoa wapi?"

"Sokoni. Mboga ya managu iko na chuma mingi."

Kumbe kwa hawa vijana chuma ni bunduki! Ati tangu ile vita ya Januari baada ya uchaguzi, lazima kila mgonjwa aulizwe. Nikaapa sina hata manati.

Badala ya kufurahi, akanong'ona, "Na hujui mtu anauza?"

Nilicheka mpaka nyumbani. Sasa nimeangalia kufuli mara mbili na kicheko kimeisha. Kama daktari mwenyewe anaogopa, mimi na managu yangu je?