Mbuzi wa Mbekenyera

Jumamosi jioni, Nachingwea

Na kosa ni langu, si la Yohana mpishi. Yeye ametoka Mbeya juzi tu. Mimi kiongozi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba Mbekenyera mbuzi anachinjwa na Mwislamu, hata kama zahanati inayofunguliwa tumeijenga sisi Wakristo.

Leo nimefika Mbekenyera, nyama imeshaiva. Watu wamekaa kwenye mikeka, hakuna anayenawa.

Mzee Hamisi, aliyetupatia kiwanja cha zahanati, akanisogelea. "Mama, mbuzi kachinja nani?"

Miaka ishirini naongoza huduma hii. Nilianza na baiskeli na dumu la uji wa wagonjwa, na mzee huyu ndiye aliyenifungulia mlango wa kwanza. Nikaziangalia zile sufuria. Ningetaja jina la Mwislamu yeyote, watu wangekula.

"Tumechinja wenyewe. Nisamehe, mzee wangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaagiza watu wapakuliwe wali na maharage. Wakala, wakashukuru.

Yohana anasema yameisha. Hayajaisha. Nilichelewa kumjibu mzee, na muda wote ule alikuwa ananitazama usoni nikitafuta jina.