Unga Kwenye Koti la Zubeiri

London, 3 Machi 1973

Mama mpendwa,

Assalam aleikum. Mimi mzima, baridi tu. Kifua chako kinaendeleaje?

Kipande cha koti la Zubeiri kimefika hapa maabara, na muhuri wa hakimu wa Arua haujavunjwa. Nimefurahi sana. Polisi walitia dawa kwenye ule unga wa mfukoni, ukageuka bluu, wakasema kaka yangu ndiye aliyelipua stoo ya machimbo ya mawe. Lakini vitu vingi hugeuka bluu. Mashine yetu inavunja kitu vipande visivyoonekana kwa macho, inapima uzito wa kila kipande. Atapima mkuu wangu, maana mimi ni dada wa mshtakiwa. Jumatano tutajua.

Mwanao, Hawah

London, 8 Machi 1973

Mama,

Salamu nyingi. Sijui niandikeje. Mashine imetoa vipande vya uzito wa 46 na 76, alama za nitrogliserini, mafuta yaliyomo kwenye baruti ya machimbo. Mkuu aliniuliza kama nataka kutoka nje. Nikamwambia aandike alichoona. Nisamehe. Muulize Zubeiri alibeba nini mfukoni wiki ile, hata kitu kidogo.

Mwanao, Hawah

Koboko, 29 Machi 1973

Mwanangu Hawah,

Aleikum salaam. Mimi iko, namshukuru Mungu. Nilikwenda Arua, nikaongea naye jela. Alibeba tumbako na vidonge vyangu vya kifua kutoka hospitali ya Kuluva, vile naweka chini ya ulimi. Vilipondeka njiani, yeye juu ya baiskeli. Kingine hakuna. Kwa chupa wameandika trinitrini. Kesi iko tarehe 18 Aprili.

Mama yako, Asiya

Simu ya maandishi, London, 9 Aprili 1973

MAMA TRINITRINI NDIYO NITROGLISERINI. TUMEPIMA UPYA. KUNA SUKARI YA MAZIWA YA VIDONGE. BARUTI YA MACHIMBO HUWA NA MAFUTA YA PILI PIA. HUMU HAYAMO. RIPOTI ZOTE MBILI ZIKO KWA HAKIMU. NENDA NA CHUPA. HAWAH

Koboko, 20 Aprili 1973

Hawah mwanangu,

Salaam kwako na kwa mkuu wako. Hakimu aliniuliza kama kweli mimi nakula baruti. Nikafungua chupa, nikaweka kidonge kimoja chini ya ulimi mbele ya watu wote. Askari mmoja alirudi nyuma. Mimi nikakaa, nikangoja, nikamwambia hakimu, "Kifua kimelegea."

Akasoma ripoti zako zote mbili kwa sauti. Akasema maabara iliyokubali kumuumiza ndugu wa mfanyakazi wao mara ya kwanza, yeye ataiamini mara ya pili. Wakamfungua pingu palepale.

Zubeiri iko hapa karibu yangu. Amekonda, lakini hii ni sahani ya tatu, na bado anauliza kama sufuria iko na kitu.

Mama yako, Asiya