Leseni Yangu Ukutani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemwambia. Hatimaye! Nimesimama mbele ya Maxine, mama mkwe wangu na bosi wangu — balaa mbili, mwili mmoja — nikamwambia nahamishia leseni yangu ya udalali wa nyumba kwa Odell Pruitt. Akacheka mpaka lulu za shingoni zikarukaruka. "Kwa Odell? Ile ofisi si ilikuwa ya daktari wa meno? Kipenzi, utauza nyumba au utang'oa magego?"

Ndiyo, bado inanuka dawa. Afadhali dawa kuliko marashi ya Maxine. Na mabango yake yote mjini yana sura ya miaka ishirini iliyopita. Wateja wakimwona ana kwa ana hudhani ni mama wa yule wa kwenye bango.

Jumatano, 8 Oktoba

Odell ameshanikubali kwenye mtandao wa tume ya udalali. Kilichobaki ni Maxine kuniachia leseni. Hajaniachia. Leseni nimeitolea jasho mwenyewe, mtihani nimeanguka, nikarudia — lakini inaning'inia ukutani kwake kama kichwa cha kulungu aliyempiga risasi. Mpaka aiachie, sina ruhusa hata ya kumfungulia mtu mlango aone jiko. Mchana nimekula karanga za kuchemsha ndani ya gari, kama mtoro wa shule.

Clay anasema, "Mpe Mama muda tu, mpenzi." Muda! Mume mzima, mvi zimeanza, na soksi bado anachaguliwa na mama yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bado. Nimempigia Maxine. Eti yuko kikaoni. Kikao gani? Nilikuwa naisikia mashine ya kukaushia nywele!

Ijumaa, 10 Oktoba

Nyumba ya Bibi Ouida Skipper, mteja wangu, kapewa wifi yangu Shelby aiuze. Shelby, ambaye hajawahi kuuza hata banda la mbwa! Najua, mkataba ni wa kampuni, mteja hubaki na kampuni. Lakini ni mimi niliyekaa na Bibi Ouida akifunga nguo za marehemu mumewe. Ni mimi niliyemshika mkono alipofika kwenye kofia.

Leo kapiga simu. Mnunuzi ametaja bei, je, aikubali? Na huyu msichana mbona anamwita Bibi Skinner? Nikimjibu tu, Maxine atakimbilia tume, na leseni kwaheri. Nikasema hilo siruhusiwi kulizungumza. Akasema: "Nilidhani wewe ni mwenzangu." Akakata.

Nimelia jikoni. Nachukia kulia kwa ajili ya Maxine.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika ndani ya gari, nje kwa Maxine. Tulikuja kula baada ya kanisa, kama kawaida. Kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi. Maxine kaomba baraka: "Bwana, mkumbuke aliyeusahau mkono uliomlisha." Shelby akaitikia amina ya kwaya nzima. Clay macho kwa kuku.

Nikauliza kwa upole, "Mama, utaniachia lini?"

"Kipenzi, Jumapili hatuongei biashara."

Papo hapo simu yake ikalia — akapokea! Mikono ina mafuta, akaiacha simu mezani kwa spika, sote tukasikia. Bibi Ouida. Hatatia sahihi mbele ya Shelby wala mwingine, ila Twyla, yaani mimi. Mnunuzi anataka jibu kesho? Basi na aondoke. Na kile kibao cha Maxine cha "Inauzwa" kilichokuwa bustanini, amekwishaking'oa. Kiko kwenye pipa la taka.

Nikacheka. Sikukusudia!

"Toka mezani kwangu," Maxine akasema.

Nikatoka. Clay hakunyanyuka.

Mlango wa nyumba umefunguka. Nilidhani ni Clay. Kumbe ni Maxine, anakuja juu ya nyasi bila viatu, simu mkononi. Clay kasimama barazani na sahani yangu, anatutazama kama aliyekata tiketi.

Anagonga kioo. "Twyla. Twyla, mwanangu."

Mwanangu! Miaka kumi na moja ya ndoa, leo ndiyo nalisikia.

Anagonga tena. Sijashusha kioo.