Susu Amerudi Mtoni

Mama yangu, Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku Uskoti, ambako mvua haijui kunyesha ikaisha, ni manyunyu kutwa. Magoti yako yanasemaje? Na ndengu za shamba la chini zimetoa maua, ama jua limezimaliza? Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi.

Yule bibi ninayemtunza, ambaye namwita Susu kama nyanya wa kwetu, bega lake halijapona vizuri tangu aanguke. Na raha yake yote ni kuvua samaki mtoni. Huku chambo ni kinyoya tu, hakina uzito. Ukirusha, fimbo ya kuvulia inapinda, halafu inajinyoosha na kuusukuma uzi. Fimbo yake ni ngumu, inapinda nchani tu, inataka mkono wa haraka wenye nguvu. Mkono huo hana tena. Alijaribu, uzi ukamwangukia kichwani, akarudi kitandani akasema mtoni haendi tena. Hata uji alikataa. Niliogopa, Mwaitu. Mzee akiacha kile anachokipenda, vingine hufuata.

Nikapekua stoo nikapata fimbo ya marehemu mumewe, laini, inapinda hadi karibu na mshikio. Nikamsihi mpaka akachoka nami, tukaenda mtoni. Lakini mkono wake umezoea ile ngumu: alirudisha uzi nyuma na papo hapo akautupa mbele, ukalia kama mjeledi, kinyoya kikakatika. Nikacheka, maana mlio ule naujua. Ndio unaomtishia yule ng'ombe wetu mvivu tukilima. Usipotaka mjeledi ulie, unaungoja kwanza unyooke nyuma. Na fimbo laini hujinyoosha polepole, kwa hiyo kungoja ni kurefu zaidi.

Basi nikasimama kando yake, macho kwenye uzi. Kabla haujanyooka namwambia, "Eteela." Ngoja. Ukinyooka, namgusa mgongo. Tulishinda hivyo asubuhi nzima, wanawake wawili ndani ya maji baridi. Mwishowe uzi ukafika ng'ambo, kinyoya kikatua taratibu, na bega halikumuuma. Mimi nikaendelea kuita.

Akaniambia, "Nyamaza sasa, binti yangu. Naisikia mwenyewe mkononi."

Nikatoka nikaketi kwenye nyasi. Nilifurahi kweli. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu neno hilo moja, eteela, ndilo lililokuwa Kikamba changu cha wiki nzima.

Nisalimie kaka Muli na mkewe, shangazi wa duka la Migwani, na mama mchungaji anayetuombea. Jumapili nitapiga simu baada ya kanisa. Usiniulize habari za kazi. Niongeleshe tu, chochote.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Mwende