Siku Tuliyopanda Uluguru kwa Pikipiki

Mama yangu mavyaa,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu niliulizwa hadharani. Mwezi uliopita, kwenye arusi moja huko Kaole, mama mmoja alinigeukia mbele ya mkeka mzima akataka kujua kama bado nina habari zako. Mwanao si ameshaniacha, akasema, sasa mavyaa wa nini tena? Nilikuwa na tonge la pilau mkononi. Nikala tonge. Jibu nimelipata baada ya kufika nyumbani, na nimeona nikuletee wewe, wao wasome pembeni.

Unakumbuka ulivyokuja kwenye ule uwanja wa mpira? Nilikuwa nimejiandikisha kwa Mwalimu Kombo kujifunza pikipiki kila Jumamosi asubuhi. Mwanao Shabani hakunikataza. Wakati ule alikuwa ameshafika mahali ambapo hata kunikataza kitu aliona ni kazi. Wewe ndiye uliyeambiwa na majirani kwamba mkamwanao anatanua miguu juu ya chombo mbele ya wanaume, ukaja na mwavuli wako, ukakaa juu ya tofali mpaka somo likaisha. Mimi nilikuwa nazunguka uwanja nikitunga maneno ya kujitetea. Ukainuka, ukanipita, ukaenda kwa Mwalimu Kombo kumuuliza kama chombo hiki kinaweza kubeba pakacha la nazi kutoka shamba. Akasema kinaweza hata mawili. Ukamuuliza kama kinakataa wazee. Akasema hakina habari ya umri.

Jumamosi iliyofuata ulikuja umevaa suruali ya marehemu baba mkwe ndani ya baibui, umeikunja miguuni mara tatu.

Klachi ilikutesa, Mama. Mwalimu alikuambia uiachie polepole, wewe ukaiachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Pikipiki iliruka, ikakata uwanja, ikapita na wewe katikati ya milingoti ya goli, na Salumu akapiga makofi. Salumu yule mwanafunzi mwenzetu, mfanyakazi wa ofisini, ambaye alinunua jaketi, glovu, viatu vya ngozi na vikinga vya magoti na viwiko kabla hajajua gia ya kwanza iko upande gani. Barabarani alikwenda vizuri kabisa. Shida yake ilikuwa kusimama. Akisimama alisahau kuteremsha mguu, akainama taratibu na pikipiki yake mpaka chini, kama mti unaokatwa, bila kelele.

Tulipopata leseni, wewe ukiwa umeshanunua pikipiki yako ya kubebea nazi, Mwalimu akatimiza ahadi yake ya kutupeleka milimani, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukamwambia Shabani kwamba unakwenda arusini Morogoro na mimi nakusindikiza. Hakuuliza tunakwenda na basi gani.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, pikipiki sita, na ilituchukua muda mrefu kutoka Bagamoyo kwa sababu yako. Kila uliyemjua ulipunguza mwendo ukamwamkia, ukamuuliza hali ya nyumbani, ukangoja ajibu. Mwalimu alirudi nyuma kukuomba kwa adabu kwamba uwe unapiga honi tu. Ukamwambia honi si salamu.

Msata, tulipoingia barabara kuu, ndipo ulipokutana na malori. Nilikuwa nyuma yako, nikakusikia unasoma dua kwa sauti ndani ya helmeti. Lori likikupigia honi, ulijisogeza pembeni na kulipungia mkono lipite, kama unavyomkaribisha mgeni ndani. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani akakupa shikamoo. Ukaitikia.

Baada ya Chalinze tukasimamishwa na askari wa barabarani. Alikagua leseni zetu, akafika kwako, ukafunua kioo cha helmeti. Aliitazama leseni, akakutazama wewe, akairudia leseni. Kisha akakuamkia.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Milimani."

"Kufanya nini?"

"Kuiona."

Yule kijana alifurahi mno, akaomba apige picha na wewe. Ukakaa sawa, ukarekebisha mtandio uliochungulia chini ya helmeti, ukatabasamu. Nyuma yetu Salumu alikuwa ameshalala chini na pikipiki yake. Hatukulifikiria lile jambo la picha. Tulipovuka mji wa Morogoro na kuanza kupanda njia ya vumbi, picha ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za watu na kufika Bagamoyo, ikaingia katika simu ya Shabani.

Simu yako ilianza kuita kifuani ukiwa kwenye kona kali, mlima upande mmoja, migomba upande wa pili. Sijui kwa nini ulitaka kuipokea pale pale. Mkono wa kushoto ukaacha klachi na kuingia ndani ya baibui, injini ikazima, pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Mimi nilikuwa nimeshakupita; niliona yote kwa kioo na sikuwa na la kufanya. Salumu ndiye aliyekuwa nyuma yako. Aliiacha pikipiki yake ianguke, safari hii kwa makusudi, akakimbia kuizuia yako kwa mikono miwili. Mkaingia wote mtaroni, pikipiki ikalala juu ya mgomba, na wewe ukatua juu ya Salumu.

Nilishuka mbio. Nikakusikia unamuuliza kama ameumia.

"Hapana, Mama," akajibu kutoka chini yako. "Nimevaa."

Hukuwa na hata mchubuko. Simu ilikuwa bado inaita. Uliipokea ukiwa umekaa palepale juu ya majani ya mgomba, na wenyeji wawili waliokuja na majembe yao wamesimama wanangoja umalize ili wakuinue. Shabani alitaka kuzungumza na mimi kwanza. Akaniambia kwamba nataka kumuulia mama yake, kwamba nimemdhalilisha mbele ya mji mzima, na kwamba nikirudi tutaongea yanayopaswa kuongewa. Wewe ukaichukua simu mkononi mwangu.

"Shabani," ulisema, "nilipokuzaa sikukuomba ruhusa. Nikipanda mlima ndiyo nikuombe?"

Ukakata. Ndipo ukawanyooshea wale wenyeji mikono.

Juu, kwenye kibanda cha chai, kulikuwa na baridi ambayo sisi watu wa pwani hatukuijua. Meno yako yalikuwa yanagongana. Salumu alikuvalisha jaketi lake, akaenda kukaa karibu na jiko na wenzake. Tukabaki wawili, tumeshika vikombe kwa mikono yote, mabonde yote chini yetu. Mimi nilikuwa nimeshaamua kuondoka nyumbani kwa mwanao. Nilikuwa na wiki kadhaa natafuta njia ya kukuambia. Ukanitangulia.

"Najua unaondoka, mwanangu. Nyumba ile hata mimi naiona ilivyo."

Nilianza kulia juu ya chai. Nilidhani utaniomba nivumilie, maana ndivyo walivyofanya wengine wote, na nilijua wewe ukiniomba nitakubali. Hilo ndilo lililokuwa likiniogopesha tangu Bagamoyo kuliko malori.

"Sitakuomba ubaki," ukasema. "Ila nimeiona ile njia tuliyopanda. Naomba uniteremshe kwanza."

Nikacheka na machozi yangu. Tukateremka pamoja, gia ya kwanza, mimi mbele, wewe nyuma. Kila kona nilipaza sauti kukukumbusha breki ya nyuma, na kila kona uliniitikia "labeka". Tuliingia Bagamoyo isha ikiadhiniwa. Salumu alisimama mbele ya mlango wako, akateremsha mguu, akabaki wima. Ukamwombea dua palepale.

Yaliyofuata unayajua. Talaka ilikuja kwa utulivu kuliko nilivyotarajia, nikahamia Kerege, nikaanza maisha yangu. Wewe ukahamia Tanga kwa wifi Mwanaidi. Pikipiki yako uliiacha kwangu, ukasema nisiiuze wala nisimpe mtu asiyejua kusalimia. Siku za mwanzo nilipiga simu kila Ijumaa. Halafu maneno yakaanza, kwamba mtalaka anayeshikamana na mavyaa ana lake jambo, anataka kurudi kwa mlango wa nyuma. Nikapunguza. Ijumaa moja nikaacha kupiga, na wewe hukupiga, nadhani kwa kunistahi. Nyumba yangu ni ndogo na nina amani ndani yake, Mama, lakini sijapata mtu mwingine wa kunicheka nikikosea.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama wa arusini ni kwamba ndiyo, nina habari zako, na nikikosa nazifuata. Jumamosi ijayo, inshallah, naondoka alfajiri na pikipiki yako. Nikifika Msata, safari hii nakata kulia, njia ya Tanga. Mwambie wifi asipike kingi, mimi ni mtu mmoja. Na wewe andaa nguo zako mbili tatu. Nasikia Usambara si mbali na hapo, na nasikia ina kona nyingi kuliko kule.

Nakubusu mikono,

Mkamwanao, mpaka wewe mwenyewe useme basi