Bahasha Tulizozichoma

Mwaka umetimia leo tangu utuache, Baba, na umetukuta tumekaa sakafuni kwenye chumba chako cha kazi, picha zako zimetuzunguka mpaka mlangoni. Mama anasoma daftari lako kwa sauti, sisi watoto wako wawili tunatafuta sura.

"Namba mia na arobaini na saba," anasoma. "Fundi baiskeli. Anacheka kabla hujamwambia acheke."

"Huyu hapa!" Ni Shangazi, dada yako, aliyekuja kusalimia tu.

"Wifi, huyo ni mwanamke."

"Kwani mwanamke hashiki spana?"

Tukaangalia vizuri. Mikono ina grisi. Ndiye.

Magazeti uliyapigia picha za milima na hoteli, na kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha. Lakini kila mtu uliyempiga picha njiani ulimwandika kwenye daftari: namba, jina, mahali anapokaa, na maneno machache ya kumtambulisha. Ukirudi safari ulisafisha picha yake, ukaitia kwenye bahasha yenye namba ile ile, ukaipeleka posta. Tulikucheka. Tulisema una ndugu wengi barabarani kuliko nyumbani. Ulijibu kwa upole wako, "Nimechukua sura ya mtu. Si nimrudishie?"

Ulipougua, bahasha mia mbili na kumi zilikuwa bado hazijatumwa. Siku ya msiba tulitaka wageni waone kazi yako. Tukazitoa picha zote, tukazibandika ukutani zipendeze, bahasha tukazichoma pamoja na takataka. Hakuna aliyegeuza hata moja asome kilichoandikwa. Hiyo ndiyo aibu yetu, na tunaiandika hapa waisome wote waliotusifu siku ile.

Mwezi uliopita alipiga simu bibi mmoja. Ulimpiga picha yeye na mumewe mbele ya mlango wao wa buluu. Mzee amefariki, naye hana picha yake nyingine. "Mwambieni mpiga picha sina ubaya naye," alisema. "Labda amenisahau tu, watu ni wengi."

"Tunaitafuta, mama," Mama akamjibu. Hakumwambia kwamba nawe umefariki. Habari za bahasha ndizo kabisa hakuzigusa. Sisi tuliokuwa pembeni tukaangalia chini.

Kwenye daftari umewaandika hivi: mume na mke, mlangoni, nimeahidi. Wazee waliosimama mlangoni tumewapata jozi kumi na moja, na picha zako zote ni nyeusi na nyeupe. Buluu tutaijuaje, Baba? Tungeweza kumpelekea zote achague, lakini ingebidi tueleze kwa nini, na tumeona haya mwezi mzima.

Hadi jioni hii tumewapata wenyewe sitini na wanne. Zilizobaki tumezifunika kwa shuka, upepo usizichanganye. Kesho asubuhi tutaendelea, lakini kwanza Mama atampigia yule bibi. Atamwambia kwamba hukumsahau, ni sisi. Akitusamehe au asitusamehe, mwanao wa kiume atasafiri na zile picha kumi na moja, bibi amchague mumewe.

Mkeo, binti yako, mwanao na dada yako tutakukumbuka siku zote za uhai wetu.