Gari Lililonyamazishwa

Kaloleni, Nairobi
Jumatano

Mdogo wangu Tobias,

Kosa la wenye magari wengi ni kudhani kwamba breki zikinyamaza zimepona. Lakini salamu kwanza. Natumaini Mombasa inakutunza na kile kikohozi kimekwisha. Sisi huku tu wazima, ila goti langu halipendi baridi hii. Mkeo Akech anafunga mizigo. Jumamosi anawapeleka watoto kwa gari lenu hadi nyumbani Siaya, kama mlivyopanga. Barua hii anaileta Wekulo, jirani yetu, anayesafiri usiku huu.

Akech alipolalamika kwamba gari linalia kila akikanyaga breki, uliniomba nipande nisikilize, kwa kuwa nilifundisha ufundi wa reli. Tukazunguka na Akech na watoto hadi Makadara, nikakuambia gari halina neno. Ukamwambia aache woga, ukamtuma kwa Kiilu, fundi wa Jogoo Road, aondoe kelele tu. Akaziondoa.

Jana Akech alisema gari sasa linavuta kushoto, nikamwomba Kiilu afungue gurudumu mbele yangu. Breki hulia kwa sababu nyingi, na si zote mbaya. Baada ya mvua diski hushika kutu nyembamba. Itakwaruza mara mbili tatu kisha itaisha. Vumbi nalo huliza breki. Lakini mlio mwembamba usiokoma mara nyingi hutoka kwenye kibati kilichowekwa kwenye pedi makusudi, kiguse diski pedi inapokaribia kwisha. Kiilu alikuwa amekikunja kibati hicho na kupaka grisi nyuma ya pedi. Nilipomuuliza alicheka, akasema, mzee, wateja wangu wananunua kimya, pedi watanunua siku nyingine. Pedi ya kushoto imebaki unene wa ukucha. Kalipa inayoibana imeganda, haiachii, ndiyo maana gari linavuta. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, njiani kwenda Siaya, chuma kitasaga chuma, na joto likizidi pedeli itazama bila kushika kitu.

Nilimsihi Akech asubiri. Akanijibu kwa upole, shemeji, wewe ulisema gari ni zima na mume wangu akasema mimi mwoga. Mkishakubaliana ninyi wawili mtaniambia, mimi nimechoka kubishana.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile watoto walikuwa wameziba masikio kwenye kiti cha nyuma, nikadhani wanacheza. Wiki iliyopita daktari alithibitisha kwamba sauti nyembamba hazinifikii tena. Hata kwenye simu sisikii vizuri, ndiyo maana nakuandikia. Gari lililia njia nzima, Tobias, na aliyesikia ni Akech.

Wasalimie wenzako wa kazini, na ujitunze na joto la huko.

Leo, ukimaliza kusoma, mpigie Akech, umwambie asiliwashe gari mpaka fundi mwingine abadilishe pedi na kalipa.

Kaka yako,
Odera